Mwalimu Aliyeozesha Maharage

Ukiwauliza watu wa Murukulazo habari za Mwalimu wa Kiingereza, watakuambia alikuwa mtu wa watu. Na watakuwa wanasema kweli. Mimi nami nina kweli yangu, nimekaa nayo miaka, na leo naitoa. Atakayechukia na achukie. Alikozaliwa sikujui, ukoo wake siujui, na wala sina haja nao. Nilimjua akiwa amesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, na yote ninayotaka kuyasema yalianzia hapo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu ambayo kola ya shati haikuigusa. Shati lilikuwa jeupe kila siku ya Mungu, limepigwa pasi ya mkaa mpaka mistari ya mikono inasimama. Kwetu kwenye vumbi jekundu lile, mtu kufika saa nane mchana na shati jeupe ni kazi. Chaki zake alizifunga kwenye karatasi ya daftari na kuzitia mfuko wa shati, na hakumwazima mtu. Mwalimu wa Hesabu akiishiwa chaki alifundisha kwa mdomo.

Alikuwa na usemi wake: vitenzi havisomwi, vinatendwa. Basi tulivitenda. Kitenzi kikiwa cha kupanda, mtu alipanda dirishani. Kikiwa cha kuanguka, kuna aliyeanguka, na kama hakuanguka vizuri alirudia. Siku ya kitenzi cha kukumbatia alituagiza tukumbatie madawati. Tulicheka mpaka darasa la jirani wanachungulia. Siwezi kusema uongo, kipindi chake tulikipenda. Walimu wengine walikuja, wakaandika ubaoni, wakaondoka. Yeye alitutoa jasho.

Na kitenzi alichokipenda kupita vyote ni kile cha Kiingereza kinachotamkwa *moisten*. Leo ninajua maana yake, maana na mimi ni mwalimu: ni kutia kitu unyevu kidogo, kukilowesha kwa mbali. Yeye alikifundisha kwa ndoo. Aliingia darasani na ndoo imejaa hadi ukingoni, akachukua kitambaa cha kufutia ubao, akakizamisha mpaka kiwiko cha mkono kikazama nacho. Akakinyanyua kikichuruzika, akapita nacho katikati ya madawati, maji yakituanguka kwenye daftari. Alisema lile neno, nasi tukalisema wote kwa pamoja. Kisha akamwita mwanafunzi afanye vilevile. Zamisha, alimwambia, usiogope maji. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, kwa hiyo kipindi kilichofuata tulisomea kwenye tope.

Nje ya darasa pia hakuliacha neno hilo. Akitaka chai alisema kwa Kiingereza kwamba anakwenda kulitia koo unyevu, halafu akanywa kikombe cha nusu lita bila kupumua. Mwaka mvua ilipokata barabara ya kwenda Ngara mjini na kubeba kalvati, alisimama kibarazani akasema Mungu ameitia ardhi unyevu. Wanafunzi wakubwa walicheka, wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mtu yule aliamini hivyo kabisa.

Hakuwahi kusema "sijui". Katika miaka yote minne sikulisikia neno hilo kinywani mwake. Ukimwuliza neno asilolijua ukiwa kidato cha pili, alikujibu hilo ni la kidato cha tatu. Ukifika kidato cha tatu ukauliza tena, alikushangaa: hilo si mlilisoma kidato cha pili? Shule ilikuwa na kamusi moja, imefungiwa kabatini ofisini kwa mkuu wa shule, na Mwalimu hakuigusa mbele yetu. Alisema mwalimu anayefungua kamusi mbele ya wanafunzi ni askari anayeuliza njia kwa mwizi. Tuliuandika usemi huo kwenye majalada ya madaftari yetu. Tuliona ni hekima.

Kulikuwa na kibao pia. Kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mimi ni mpumbavu, leo nimesema lugha ya nyumbani. Aliyekutwa akisema Kihangaza alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake amkabidhi. Mimi nilikivaa siku tatu mfululizo. Nilijikwaa kidole kwenye jiwe, nikamwita mama yangu kwa Kihangaza. Mwalimu akaniambia maumivu nayo yana Kiingereza chake. Nikiwa na kibao shingoni nikaagizwa nisimame nje ya darasa la dada yangu ili wanione vizuri.

Lakini mtu huyohuyo, Jumamosi akipita shambani kwetu, alisimamisha baiskeli na kuongea na baba yangu Kihangaza kitamu, cha zamani, chenye mafumbo ambayo baba mwenyewe alikuwa ameyasahau. Aliwainamia vikongwe akiwasalimia, akauliza habari za mbuzi kwa majina yao. Nilimtazama kutoka kwenye migomba nikashindwa kuelewa. Kumbe lugha anayo. Kumbe anaipenda. Basi kwa nini anatuvika mbao? Sijapata jibu mpaka leo, na nimeacha kulitafuta.

Niseme na mema yake, nisije nikaambiwa nina chuki. Kuna msichana alishikwa na tumbo katikati ya kipindi, akalala chini anajikunja. Gari halikuwepo. Mwalimu alimfunga kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaisukuma milima yote ile mpaka hospitali, msichana akapasuliwa, akaondolewa kidole tumbo kilichokuwa kimeoza, akapona. Mwalimu akarudi kesho yake, suruali imechanika gotini, akafundisha kipindi cha pili kama kawaida. Watoto wawili yatima aliwanunulia viatu kila Januari. Msichana hata mmoja hakumgusa, na aliyesoma shule zetu anajua hilo si jambo dogo. Ndiyo maana watu wanamsifu. Ningekuwa na mwalimu mwovu moja kwa moja, ningekuwa nimeshamsahau.

Sasa dada yangu.

Dada alikuwa kidato cha pili, mimi kidato cha kwanza. Alikuwa anataka kuwa daktari, na si kule kutaka kwa watoto kunakobadilika kila wiki. Alipasua kuku kwa uangalifu, akatuonyesha moyo, ini, firigisi, na mama akisubiri na sufuria huku amechoka. Kwa kilimo alikuwa na mkono. Mama alikuwa akimwachia yeye kuchagua mbegu za maharage, maana alizitambua kwa kuzipitisha vidoleni. Nyumbani kwetu tumekula maharage yaliyochaguliwa na dada tangu akiwa na miaka tisa.

Wakaja wageni, wanawake wawili wa mpango uliokuwa ukiwasomesha wasichana kwenye shule ya bweni, shule yenye umeme na maabara. Nafasi ilikuwa moja kwa shule zote za upande wetu. Kila shule ilitoa msichana mmoja, na yetu ikamtoa dada. Mtihani wenyewe ulikuwa wa ajabu kwa wepesi wake. Kila msichana alipewa sahani ya bati, pamba, mbegu kumi za maharage na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Aziweke mbegu juu ya pamba, azitie unyevu asubuhi na jioni, aandike kila siku anachokiona. Baada ya siku nane wageni watarudi. Maneno magumu anaruhusiwa kumwuliza mwalimu wake.

Maharage. Fikiria. Mtoto wa Murukulazo anapewa mtihani wa kuotesha maharage. Baba alicheka usiku huo kwa furaha, akasema nafasi hiyo ni yetu, labda mbegu zenyewe zikatae.

Kesho yake Mwalimu akamwita dada mbele ya darasa na sahani yake, awaonyeshe wenzake lile neno kwa vitendo. Mimi sikuwepo, ila nimesimuliwa na watu wengi na wote wamesema vilevile. Dada alichovya ncha za vidole kwenye maji, akakung'uta matone juu ya pamba, kama mama anavyonyunyizia sakafu kabla ya kufagia. Mwalimu akasema hiyo siyo. Akachukua jagi, akamimina mpaka mbegu zikaelea.

Dada akamwambia, "Mwalimu, maharage yataoza."

Mwalimu akamwuliza nani hapa ni mwalimu wa Kiingereza. Akamwambia anyooshe mkono, akamchapa viboko viwili, kisha akamwambia neno ambalo nimelibeba kifuani mpaka leo: "Kiingereza si shamba la mama yako."

Dada akaleta sahani nyumbani, akaiweka dirishani, akamimina. Asubuhi akamimina, jioni akamimina. Mama akauliza kama siku hizi shule inafundisha kupanda mpunga. Baba akamwambia mama amwache mtoto, Mwalimu anajua anachokifanya. Siku ya tatu maganda yakaanza kupasuka na maji yakawa na ute. Nilimnong'oneza dada apunguze maji, nani atajua? Akanijibu akiwa analia, "Nikipunguza nikakosea, kosa ni langu. Nikifuata, kosa ni la Mwalimu." Alikuwa na miaka kumi na sita na alidhani dunia inakwenda hivyo.

Siku ya tano nyumba ilinuka kama banda la kuku lililovujiwa. Siku ya saba mbegu zilikuwa uji. Na yeye kila jioni alikaa na kalamu akaandika kwa mwandiko wake mzuri kile alichokiona: zimevimba, zimepasuka, zinanuka, hakuna mche. Mtoto wa wakulima wa maharage, mjukuu wa wakulima wa maharage, alizamisha maharage kwa mikono yake mwenyewe huku akijua yanakufa, kwa sababu ameambiwa Kiingereza kinataka hivyo. Watu wananiuliza kwa nini nakasirika haraka. Hii ndiyo sababu, wasiniulize tena.

Siku ya nane wageni wakarudi. Mimi nilikuwa zamu ya maji, nikaingia ofisini na ndoo ili wageni wanawe. Dada alikuwa bado darasani, hajaitwa. Sahani yake ilikuwa mezani na mkuu wa shule amegeuza uso kwa harufu. Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, alisoma daftari la dada ukurasa kwa ukurasa. Alionekana kusikitika kweli. Akasema kwa Kiswahili kwamba binti huyu anaandika vizuri kuliko wote, sasa imekuwaje?

Kisha akachovya ncha za vidole kwenye kikombe, akakung'uta matone mawili matatu mezani, akasema lile neno la Kiingereza polepole.

Mwalimu alivitazama vidole vile. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko nilivyosimama na mtu yeyote humo ndani, na nilimwona anaelewa. Niliona kabisa. Mdomo ulifunguka kidogo.

Mama yule akamgeukia akamwuliza, "Mwalimu, alielekezwa vizuri? Kama hakuelekezwa, mbegu nyingine ninazo kwenye mkoba. Tunampa siku nane nyingine."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Hakutakiwa apige magoti. Hakutakiwa hata aseme amekosea, angesema tu labda hakunielewa, mpeni nyingine. Pakiti ilikuwa pale, mkoba umefunguliwa, mkono wa mama wa watu umo ndani.

Akasema, "Nilimwelekeza. Nilimwambia atie kidogo. Ni mwepesi, lakini ni mkaidi."

Mkoba ukafungwa. Na mimi? Mimi nilikuwa na ndoo mkononi na kimya mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikiogopa kile kibao. Hasira ninayoisema hapa, nusu yake ni ya kujichukia mwenyewe.

Nafasi ikaenda kwa msichana wa Kibimba. Simlaumu, alifuata vidole vyake. Jumatatu mstarini Mwalimu alisimama mbele ya shule nzima akasema kuna waliopoteza bahati kwa kutosikia, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Macho yote yakamgeukia dada. Asiyesikia! Yeye alisikia la mkuu, ndiyo maana guu likavunjika. Angekuwa mkaidi kweli leo angekuwa daktari.

Baada ya hapo dada hakunyoosha tena mkono darasani. Mtu aliyekuwa akijibu mpaka walimu wanamwambia awaachie wengine, akawa anakaa nyuma karibu na ukuta. Kidato cha nne hakupata alama za kuendelea. Akaolewa hapohapo Murukulazo, na mume wake si mtu mbaya. Analima. Maharage yake ni bora kata nzima, wanunuzi wanaanza kwake kabla ya kwenda kwa wengine.

Nilimweleza niliyoyaona ofisini. Nilimweleza mara ya kwanza mwaka uleule, nikamweleza tena tukiwa watu wazima. Majibu yake hayakubadilika: "Labda sikumsikia vizuri. Kiingereza changu kilikuwa kidogo." Unaona alichofanyiwa? Alimwona yule mtu kwa macho yake akimimina jagi. Alichapwa viboko akiwa amesimama pale. Na bado anayakataa masikio yake mwenyewe, eti Mwalimu hawezi kusema uongo. Mtu anakunyang'anya shule, halafu anakunyang'anya na akili ya kujua kwamba umenyang'anywa.

Mwaka uliofuata mimi nikawa kidato cha pili, na zamu ya neno lile ikafika tena. Nilimsubiri. Darasa zima tulikuwa tumehamisha madaftari tukijua ndoo inakuja. Haikuja. Mwalimu aliingia na kikombe cha chai chenye maji. Akachovya ncha za vidole, akakung'uta matone kwenye kitambaa, akasema lile neno, nasi tukalisema. Hakueleza kitu. Wengine walisikitika kwamba mchezo wa ndoo umekwisha. Mimi nilimkazia macho kipindi kizima, na kipindi kizima hakutazama upande wangu.

Kwa hiyo nasema alijua. Asiniambie mtu kwamba labda hakujua.

Miaka ikapita, nikasomea ualimu wa shule ya msingi, nikahamishiwa Runazi, wilaya ya Biharamulo. Wiki ya kwanza nikaingia duka dogo karibu na shule kununua chumvi, na nyuma ya kaunta ameketi Mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa amestaafu, amenunua shamba huko upande wa mke wake. Shati jeupe, kola kubwa, shingo imekuwa nyembamba zaidi. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaniitikia, akanikumbuka jina na la baba. Akafurahi mno kusikia nami nimeshika chaki. Akanipa chumvi akakataa hela yangu. Nikarudi nyumbani nikaitazama ile chumvi siku nzima, nikaishia kuitia kwenye mboga maana sikuwa na nyingine.

Miezi nane nilinunua sabuni na mafuta ya taa kwake na sikusema kitu. Nilijiambia ni mzee. Nilijiambia yaliyopita si ndwele. Halafu dada akasikia Mwalimu yuko Runazi, na msimu wa mavuno ulipofika akaniletea kwa basi kiroba cha maharage. Akapiga simu akasema mpelekee Mwalimu wetu, mwambie ni shukrani kutoka kwangu, kwetu mtu hasahau aliyemfundisha. Nilitaka kukitupa mtoni kiroba kile. Nikamwuliza habari za binti yake, ambaye ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Akasema anaendelea vizuri ila ana maswali mengi, juzi mwalimu amemlalamikia. "Nimemwambia aache kubisha," dada akasema. "Nimemwambia mama yako alibisha, angalia alipo."

Hapo ndipo subira yangu ilipokwisha. Ya dada yalikuwa yameshapita, lakini sasa yalikuwa yanamfikia mtoto.

Nikajitwisha kiroba mpaka dukani. Ilikuwa saa kumi jioni, hakuna mteja, Mwalimu anasikiliza redio. Nikakiweka juu ya kaunta nikamwambia kimetoka kwa nani. Akakifungua, akatia mkono, akazipitisha punje vidoleni huku akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mungu ambariki," akasema. "Alikuwa mwepesi yule binti. Ukaidi tu ndio ulimponza."

Nikazima redio yake. Sijawahi kumfanyia mtu mzima jambo kama hilo. Nikamwambia, Mwalimu, nilikuwa ofisini siku ile, mimi ndiye niliyeshika ndoo. Nikamtajia vidole vya mgeni, nikamtajia pakiti iliyokuwa kwenye mkoba, nikamtajia kikombe cha chai cha mwaka uliofuata. Nilisema yote bila kupumzika. Yeye hakuutoa mkono ndani ya kiroba.

Akazigeuza punje mlemle ndani. Kisha akasema mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyemfundisha neno lile kwa ndoo, na mwalimu huyo alifundishwa hivyohivyo. Akasema siku ile mkuu wa shule alikuwa amekaa pale na wageni wamekaa pale, na yeye ndiye Kiingereza cha shule. Angewezaje kusema mbele yao kwamba Kiingereza cha shule si Kiingereza? Akaniambia nami ni mwalimu, namwelewa.

Nikamjibu kwamba namwelewa, na ndiyo maana simsamehe. Nikamweleza kuhusu mtoto. Nikamwambia kuna msichana Murukulazo anafundishwa kunyamaza kwa sababu mama yake anaamini alipotea kwa kubisha, na mtu pekee anayeweza kumtoa mama huyo kwenye uongo ni yule aliyeutunga. Sikungoja jibu. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka simu mkononi mwake.

Dada akapokea. Aliposikia ni nani, sauti yake ikabadilika ikawa ya msichana wa shule. "Shikamoo Mwalimu. Maharage yamefika?"

"Marahaba mwanangu. Yamefika." Akanitazama. Sikuondoa macho. Akasema, "Yale ya kwenye sahani. Wewe ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea. Ulinyunyizia sawasawa, nami nikakuchapa."

Kule upande wa pili kulikuwa na kuku wanalia na mtu anapasua kuni. Kuni zikaendelea kupasuliwa. Nilidhani dada atasema si kitu Mwalimu, ni mambo ya zamani. Ndivyo alivyo. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia kwa hilo.

Akauliza, kwa adabu ileile, "Ulijua lini, Mwalimu?"

"Siku ileile."

"Wageni walikuwa wameshaondoka?"

Mwalimu akafumba macho. "Walikuwa bado wamekaa," akasema.

Dada akakata simu. Hakuaga. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona dada akiachana na mtu mzima bila kumuaga, hata anayemchukia. Mwalimu aliendelea kuishika simu sikioni, akaita "mwanangu" mara mbili, kisha akaniuliza kama mtandao umekatika. Nikamwambia mtandao uko vizuri.

Nikaichukua simu yangu. Nikautoa mkono wake ndani ya kiroba, taratibu, maana ni mzee. Nikakifunga, nikajitwisha maharage ya dada, nikaondoka nayo.